Blogu yako ianze kulipa kodi ya chumba: mwongozo wangu kutoka Moshi, hatua kwa hatua

Nianze na ujinga wangu ili we usiurudie. Blogu yangu ya kwanza ilikuwa ya kila kitu, mpira humo, matokeo ya mtihani humo, nani kaachana na nani humo, nakopi kwa wengine nabandika kwangu, nakesha kwenye kachumba kangu Majengo na bando la usiku mpaka macho mekundu. Na watu walikuwa wanaingia kweli, siku matokeo ya form four yanatoka nilikuwa naangalia namba zinapanda nikajiona tayari nshatoka kimaisha. Mwaka mzima umeisha AdSense (yale matangazo ya Google wanayokulipa ukiyaweka kwenye blogu) inasoma dola 61. Na AdSense hawakutumii hela mpaka ufikishe dola 100, kwahiyo hiyo 61 nilikuwa naichungulia tu kama mtoto anavyochungulia nyama buchani.

Blogu niliyonayo sasa hivi ina wasomaji wachache kuliko ile, wachache mno, ila inalipa kodi na inamsomesha mdogo wangu. Tofauti ni kwamba aliyekuja kuangalia matokeo akishayaona anaondoka, hana cha kununua kwangu wala kwa mtu mwingine. Msomaji wangu wa sasa anakuja ana safari kichwani na hela kashaanza kuitenga. Mwongozo wote huu unazunguka hapo, na ukiona hatua yoyote haikusogezi karibu na mtu anayetaka kutoa hela, iruke tu.

Hatua ya 1: tafuta msomaji kwanza, mada itakuja

Watu wanaanza na "napenda nini", wanaandika miezi miwili halafu kimya. We jiulize hivi: hapa nilipo, nani yuko karibu kutoa hela, na kuna kitu gani hakielewi kabla hajaitoa? Kwa sisi wa huku kaskazini majibu yako kila kona. Kuna mgeni anayetaka kupanda Kilimanjaro. Kuna mtu wa Dar kanunua shamba Meru anataka kupanda parachichi la Hass hajui aanzie wapi. Kuna wachumba wanatafuta ukumbi Arusha na kamati inawapigia kelele. Hao wote kabla hawajatoa hela wanashika simu wanatafuta.

Halafu bana pakuingilia papunguze, pawe padogo. Ukisema "utalii Tanzania" umekufa, hata "kupanda Kilimanjaro" peke yake wameshaijaza makampuni yenye watu wa kuandika kutwa nzima. Mi niliingilia kwenye siku mbili kabla ya mlima na siku mbili baada. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa KIA anafikaje mjini bila kupigwa, begi la kulalia linakodishwaje Moshi, chemchemi za Chemka anaendaje, wagumu (wale wabeba mizigo) wanapewa tipu kiasi gani na nani anaishika hiyo hela. Vitu ambavyo chalii yeyote wa Double Road anavijua akiwa usingizini, ila mtu aliyekaa Chicago havijui na vinamnyima raha.

Suala la lugha watu wananiuliza sana. Kiingereza kina dola ila ushindani wake ni wa kutoana roho. Kiswahili ushindani ni mdogo, ila matangazo yake yanalipa kidogo sana kwahiyo lazima uuze kitu chako mwenyewe, hela iingie M-Pesa. Mi naandika Kiingereza cha kuungaunga halafu rafiki yangu mwalimu ananinyooshea, namlipa kwa posti. Binamu yangu wa kike yuko Usa River anaandika Kiswahili kitupu kuhusu mboga za kwenye grinihausi, na kuna miezi ananizidi. Nitarudi kwake.

Hatua ya 2: jenga kwenye kiwanja chenye hati yako

Hapa sikai sana. Nunua domeini (anwani ya blogu yako), lipia hostingi (pale blogu inapokaa mtandaoni), weka WordPress (programu ya kuiendeshea), chagua muonekano mwepesi, basi. Blogu za bure sio mbaya kujifunzia ila siku unataka kuuza tangazo kwa lodji, anwani yenye jina la mtu mwingine katikati inakushusha bei.

Kitu kimoja tu nakusisitizia, domeini iandikishwe kwa jina lako na imeli yako. Mi kuna fundi alinitengenezea blogu akaiandikisha kwa jina lake, mwaka wa pili nataka kuhamisha ananitajia hela ambayo ningenunua pikipiki ya mtumba. Nikamuachia. Nikaanza jina jipya kutoka sifuri, na posti zangu zote za zamani zikabaki huko kwake zinapata vumbi.

Na picha. Simu za siku hizi picha moja inakula mega tano, ukibandika kumi posti inafunguka kama lori linapanda Kibosho. Zipunguze kabla ya kupandisha, mi sizidishi kilobaiti 200 kwa picha. Halafu jaribu blogu yako kwa simu ya bei rahisi, sio kwa laptopu yako tu.

Hatua ya 3: posti 20 ambazo zinajibu, hazipambi

Kabla hujaanza kumtangazia mtu, andika posti 20. Maswali usiyabuni, yachume. Mi nilikuwa nakaa mapokezi kwenye hosteli ya rafiki yangu jioni, nasikiliza tu wageni wanauliza nini, naandika kwenye daftari. Nyingine nilizipata kwa wagumu wenyewe wakishuka mlimani. Ukishakuwa na posti kadhaa funga Search Console ya Google, ni bure, inakuonyesha maneno halisi watu waliyotafuta mpaka wakakufikia, na mara nyingi utakuta wanatafuta kitu ambacho hukukipa hata sentensi mbili. Hicho ndo posti yako inayofuata.

Ngoja nikupe mfano wa posti iliyonitoa. Wageni walikuwa wanalalamika bei za kupanda hazieleweki, huyu anasema dola 1,000 huyu anasema 2,500, mlima ni ule ule. Nikakaa nikapiga hesabu ya ada za hifadhi peke yake kwa asiye mkazi, njia ya Machame siku 7. Kuingia hifadhini dola 70 kwa siku, inakuja 490. Kambi dola 50 kwa usiku, siku sita za kulala, 300. Uokoaji dola 20. Jumla 810, weka VAT ya asilimia 18 juu unafika karibu dola 956. Na hapo bado hujalipa mwongozaji, mpishi, wagumu, chakula, gari la kwenda getini. Kwahiyo anayekuuzia siku saba kwa dola 1,000 hiyo tofauti anaitoa wapi? Anaitoa mgongoni kwa mgumu. Nikaandika hivyo hivyo, bila kumtaja mtu, na hesabu ikaonekana mstari kwa mstari.

Ile posti mpaka leo ndo inaleta nusu ya watu wanaonijazia fomu ya kuomba safari kwenye blogu. Nadhani ni kwasababu ilimfanya mgeni aone namba anayoweza kuikagua mwenyewe, na akishakuamini kwenye hesabu anakuamini ukimwambia nenda kwa fulani. Ila kazi yake haiishi, ada zinabadilikaga, na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwahiyo kila mwezi huo narudi kukagua na naandika juu kabisa tarehe niliyokagua.

Usipoteze muda na posti ambazo jibu lake ni sentensi moja. Kilimanjaro ina urefu gani? Mita 5,895, haya, nani atakuja kwako kusoma hilo? Tangu 2024 Google yenyewe imeanza kumjibu mtu pale pale juu kwa akili bandia, haendi kwenye blogu ya mtu. Kinachobaki ni kile kinachohitaji miguu: picha ya jana ya matope ya kwenda maporomoko ya Materuni, nauli uliyolipa wewe, mlango wa kuingilia uliohamishwa. Na kama unafikiria kuiambia hiyo akili bandia ikutolee posti mia kwa siku, Machi 2024 Google walitangaza wanashusha kurasa zinazozalishwa kwa wingi hivyo ili tu kuvuta watu. Kutumia kunyoosha lugha sawa, mi mwenyewe natumia, ila kutembea haiwezi kukusaidia.

Hatua ya 4: andika kwa kalenda ya mteja

Mlimani msimu mzuri ni Januari mpaka katikati ya Machi, halafu Juni mpaka Oktoba. Masika inakula mwisho wa Machi mpaka Mei, Novemba kuna vuli. Sasa mimi kwa akili yangu nilikuwa naandika posti za Julai mwezi wa Juni, najiona niko mapema. Kumbe mgeni wa Julai alishalipa kianzio tangu Februari! Anaomba likizo kazini, ananunua tiketi ya ndege, anafanya mazoezi, yote hayo miezi kabla. Kwahiyo posti ya msimu wa Juni iwe hewani kufikia Desemba. Masika ndo wakati wangu wa kuandika, mji umetulia, mvua inanyesha, wagumu wako nyumbani wana muda wa kupiga stori. Binamu yangu naye ni hivyo hivyo, posti ya kuandaa kitalu anaitoa wiki kadhaa kabla watu hawajaanza kuulizia mbegu.

Hatua ya 5: chukua mawasiliano yao

Msomaji aliyekuja kwa Google kesho hakumbuki hata jina la blogu yako. Mpe kitu kidogo bure aache imeli, mi natoa karatasi moja ya PDF yenye orodha ya vitu vya kubeba, nimeweka alama kwenye vile vya kukodi Moshi badala ya kununua kwao. Kwa wasomaji wa Kiswahili imeli haisomwi bana, tumia WhatsApp Business. Ila muombe ruhusa kabisa na umwambie unachukua namba ya nini, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023.

Umuhimu wa hii niliuona Oktoba 29 mwaka 2025 intaneti ilipokatika nchi nzima siku kadhaa. Blogu yangu ilikuwa hewani kwasababu hostingi iko nje, wageni wanaingia wanajaza fomu, mi huku siwezi kujibu hata mmoja. Iliporudi nilikuwa na imeli zao, nikawaandikia wote kwa pamoja nikaeleza, wengine wakarudi. Wale walionitafuta kwa mitandao tu nilishawapoteza. Tangu siku hiyo nimeweka na majibu ya kujituma yenyewe, mtu akijaza fomu anapata imeli hapo hapo hata kama mi niko gizani.

Hatua ya 6: hela sasa

Nimezipanga jinsi zinavyoniingizia mimi, kubwa kwanza.

Udalali. Yani unamleta mteja kwa kampuni ya utalii, unachukua kamisheni. Usijifanye kampuni! Kuuza safari mwenyewe kunataka leseni ya TALA (leseni ya biashara ya utalii), na ukikamatwa unapeleka watu bila leseni utajuta wewe na mgeni wako. Kaa kwenye udalali, na chagua kampuni moja au mbili zenye leseni na zinazolipa wagumu vizuri, maana mgeni akilia huko juu jina litakalochafuka ni lako.

Makubaliano weka kwa maandishi kabla ya mteja wa kwanza. Mi wa kwanza kabisa nilimpeleka kwa mdomo tu, watu wanne, siku nane, nikaenda kudai naambiwa "aah, wale walikuja wenyewe, walituona mtandaoni". Walituona mtandaoni! Kwenye blogu ya nani? Nikarudi zangu nimekunja mkia. Sasa hivi kila ombi linapita kwenye fomu yangu, linapewa namba, kopi inaenda kwa kampuni na nyingine kwangu muda ule ule, na karatasi tuliyosaini inasema ombi likiwa na namba hiyo kamisheni ni yangu hata kama mteja atarudi baada ya miezi sita. Malipo nadai nusu mteja akilipa kianzio, nusu akishuka mlimani. Kwenye asilimia mtaelewana, ila usianze kwa kutaja wewe, waulize wanawalipa wengine kiasi gani.

Kwa safari za siku moja kama Chemka na Materuni nilichoka kufukuzana na watu, naweka linki za Viator na GetYourGuide, mitandao inayouza safari, mtu akinunua kupitia kwako wanalipa asilimia 8 hivi, ni ndogo ila haina ugomvi. Amazon nayo nilijaribu kwa viatu na mabegi, kumbuka mtu akiklik linki yako wanakuhesabia anachonunua ndani ya masaa 24 tu, na usipouza mara tatu ndani ya siku 180 akaunti wanaifunga. Yangu waliifunga, nikaomba tena baadae.

Kitu chako mwenyewe. Hapa ndo narudi Usa River. Binamu alianza kuuza PDF ya nyanya za grinihausi, elfu kumi, mtu analipa lipa namba anatumiwa WhatsApp. Wiki mbili PDF ikawa inazunguka bure kwenye magrupu, mpaka na yeye akatumiwa na mtu anayemshauri "dada soma hii itakusaidia". Alicheka kwanza halafu akakasirika. Alichofanya ni akili sana, PDF akaitoa bure kabisa akaweka namba yake kila ukurasa, halafu anachouza sasa ni msimu: unalipa, unaingia grupu dogo, ukiona jani lina madoa unapiga picha unatuma anakujibu siku hiyo hiyo mpaka unavuna. Ile PDF iliyoibiwa ikawa ndo mpiga debe wake. Mi nimeiga kwa wageni, nauza dakika 30 za kuongea kwa video, mtu anauliza anachotaka, na wanaolipia hayo karibu wote wanaishia kuweka oda.

Tangazo la moja kwa moja. Lodji, mgahawa, mwenye kukodisha vifaa. Nenda na Search Console yako kwenye simu umuonyeshe wangapi wanaingia kutoka Google kwenye posti inayohusu biashara yake, usimpelekee namba ya blogu nzima. Muuzie kwa miezi, tena msimu unapokaribia. Na invoisi ya mtu wa hapa andika kwa shilingi, kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

AdSense nimeiweka mwisho na ndo inapostahili. Ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri ya kuhakiki anwani, kwahiyo kama huna sanduku la posta tafuta la mtu unayemuamini, mi ya kwanza niliandika jina la mtaa tu, barua mpaka leo sijui ilienda wapi. Ukifika 100 wanatuma benki kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Usijaze matangazo kwenye ile posti inayoleta maombi, unamtoa mteja wa kamisheni ya mamia ya dola kwa ajili ya senti.

Hatua ya 7: serikali

Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), unafanya mtandaoni na ada yake haitishi, chukua TIN (namba ya mlipakodi) pale TRA ambayo ni bure, halafu uliza leseni ya biashara halmashauri. Bila hivyo kampuni nyingi hazitakulipa kamisheni kwa akaunti, watakupa mkononi wakijisikia.

TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ndo inaogopesha watu. Kanuni za maudhui mtandaoni zilipotoka 2018 ada ya leseni ilikuwa milioni moja na kila mwaka milioni nyingine, watu kibao wakafunga blogu. Zikaja mpya 2020, zikarekebishwa tena 2022, kwahiyo usitembee na stori ya kijiweni ya 2018. Wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, andika barua ueleze blogu yako inahusu nini, uliza kama inahitaji leseni, na jibu litunze. Ukianza kuchanganya na habari na siasa ujue umehamia chumba kingine.

Hatua ya 8: hela ya kwanza isikulevye

Kamisheni yangu ya kwanza ya maana nilitaka kununua laptopu mpya. Bahati nzuri ilichelewa hamu ikapoa, nikailipia vitu vitatu: mwalimu wa kunyoosha Kiingereza, hostingi ya miaka miwili, na wagumu wawili wanaoniletea picha na habari kila wakishuka, njia ikoje, maji yako wapi, theluji imefika wapi. Hao wagumu ndo chumba changu cha habari. Nawalipa hata mwezi ambao sijaingiza kitu, kwasababu siku wakimpelekea mwingine nimeisha.

Weka daftari, kila posti na masaa uliyotumia na hela iliyoleta. Baada ya mwaka utakuta posti nne tano zinalisha nyingine zote, hizo zipalilie kila mwezi, zilizolala zifute au ziunganishe.

Na kazi yako usiache kwa kuangalia mwezi wa Agosti. Agosti kila mtu Moshi ana hela, hata muuza ndizi stendi. Angalia Aprili, mvua inapiga, barabara tupu, fomu inaingia moja kwa wiki. Aprili ikilipa kodi na chakula bila kukopa, miaka miwili mfululizo, hapo kaandike barua ya kuacha kazi. Mi Aprili moja imelipa, ya pili bado, kwahiyo Jumamosi bado utanikuta soko la Memorial na meza yangu ya mitumba.